Moyo Ulipotimua Mbio

Saiti nzima ya ujenzi ilimwita Kunguru, naye hakuwahi kulalamika. Mtu anayepanda mnara wa chuma asubuhi, akajifungia kwenye kibanda cha vioo juu ya vichwa vya wenzake, akala hukohuko na kushuka jua linapoegemea, aitwe nani tena? Alikuwa dereva wa kreni, na si wa kubahatisha. Waashi walisema Kunguru anaweza kukuwekea tofali kiganjani nawe umelala, usishtuke. Walitia chumvi, ila si nyingi.

Lakini kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Aliye juu haoni kila kona, anahitaji macho mengine chini. Macho ya Kunguru yalikuwa mpiga ishara, bwana mmoja mfupi mwenye sauti ya kupasua anga, ambaye kwa sababu hiyo hiyo watu walimwita Filimbi. Filimbi alisimama karibu na mzigo, redio ya mkononi imegusa mdomo, akimwongoza mwenzake: shusha, shusha, kidogo, kidogo tena, hapohapo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana wao, hata Kunguru aliweza kujua kwa namna Filimbi anavyovuta pumzi kwamba mzigo unaelekea kubaya. Pasipokuwa na mzigo walitaniana.

"Kunguru, habari za mbinguni?"

"Njema. Nyinyi wa kuzimu mnasemaje?"

"Tunasema ushuke uone wanaume wanavyofanya kazi."

Msimamizi aliwakemea mara kwa mara kwamba redio si ya porojo, nao walinyamaza hadi alipogeuka.

Balaa lilimwanzia Kunguru nyumbani, siku ya mapumziko, tena katika jambo dogo la kuchekesha. Aliinama kuokota kiatu cha mmoja wa mabinti zake pacha. Alipokuwa angali ameinama, moyo ukaruka mara moja, kama mguu unapokosa ngazi gizani, kisha ukatimua mbio. Hakuwa amekasirika wala kushtuka, hakuwa amefanya lolote. Alikaa chini palepale sakafuni na kiatu mkononi. Mapigo aliyasikia shingoni, kooni, mpaka kwenye meno. Mkewe alikuja akaweka kiganja kifuani pake, akakiondoa upesi kana kwamba ameunguzwa.

"Baba Pacha, nani amekukimbiza?"

"Nimeokota kiatu tu."

"Kiatu hakimfanyi mtu hivi."

"Basi kiulize chenyewe."

Alijaribu kucheka, pumzi ikamkatalia. Wakakaa hivyo, mke amemshika mkono, pacha wamesimama mlangoni wametumbua macho. Halafu, bila kupungua polepole, moyo ukaacha. Ulikata kama taa inavyozimwa, ukarudi kwenye mwendo wake wa siku zote. Kunguru akabaki amelowa jasho, na haja ndogo imembana kama aliyekunywa pipa la maji.

Hospitali walimlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake. Mistari ilikuwa mizuri. Daktari wa zamu, kijana mpole aliyeonekana kuchoka kuliko wagonjwa wake, aliitazama na kuikunja.

"Moyo wako ni mzima kabisa. Kuna mambo yanakusumbua?"

"Ndiyo. Moyo."

Daktari alitabasamu, akamwambia apunguze kahawa, alale vya kutosha, asibebe mawazo. Ni wasiwasi tu, alisema.

Ukaja tena. Mara ikawa akiwa anapiga mswaki, mara akigeuka kitandani, mara akicheka na watu. Kila mara alikimbilia hospitali, na kila mara alipofika na kusubiri zamu yake kwenye benchi, moyo ulikuwa umekwisha kutulia, umejikunyata kifuani kama mtoto mtundu mgeni anapoingia. Mashine ikachora mistari mizuri. Damu ikapimwa, safi. Presha ikapimwa, safi. Majirani nao hawakubaki nyuma: mmoja alisema ni gesi, mwingine alisema ni presha ya kujificha, na mama mkwe wake alisema mwanamume mzima anayelala mchana na mkono kifuani anahitaji kazi ya kumchosha zaidi.

Lililomuumiza si maneno ya watu. Lililomuumiza ni kwamba alianza kuyaamini. Alijiona mtu anayeogopa bila kujua anachoogopa. Kupanda lifti kukamtisha, foleni ikamtisha, kuinama kukamtisha. Alijifunza kuishi kwa kunyata, kana kwamba ndani yake amelala mbwa ambaye hatakiwi kuamshwa.

Hata hivyo hakuficha. Alimwambia msimamizi, naye msimamizi akauliza daktari amesemaje. Daktari amesema mzima. "Basi u mzima," msimamizi akasema, na hapo mazungumzo yakaishia, kwa maana wote wawili walikuwa wakweli. Alimwambia Filimbi pia, wakati wa chakula, na Filimbi kwa mara ya kwanza hakutania.

"Huko juu imewahi kukushika?"

"Bado."

"Ikikushika usijifanye dume. Sema kwenye redio, 'nimeshikwa.' Neno hilo tu. Wewe funga breki, mzigo ukae ulipo, mimi nitawaondoa watu chini. Halafu tutangoja ipite, hata kama ni mpaka kesho."

"Msimamizi atasemaje?"

"Msimamizi namjua mimi. Wewe sema tu."

Kunguru alimshukuru. Kwa muda mrefu hakuwa amesikia mtu akiuzungumzia ugonjwa wake kama kitu kilichopo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, mawingu mepesi, upepo hakuna. Walikuwa wanahamisha nondo, vyuma virefu vya kushikia zege, vimefungwa bunda kwa bunda. Bunda lilikuwa limeshanyanyuka na linapita juu ya uwanja wa mafundi mbao Kunguru alipogeuza shingo kutazama kioo cha pembeni. Moyo ukakosa ngazi. Ukatimua.

Alianza kufanya walichokubaliana. Alivuta mkono wa mtambo, ule wa kupandishia na kushushia mzigo, akaurudisha katikati, mzigo ukasimama. Akabonyeza redio.

"Filimbi, nimeshikwa."

"Nimekusikia. Tulia, kaka. Nawatoa."

Alimwona Filimbi kule chini, kofia ya njano ikitoka mahali pake salama kando ya ukuta na kukimbilia chini ya bunda, mikono ikipepea, ile sauti ikiwafukuza mafundi mbao ambao kelele za misumeno ziliwafanya wasisikie. Alimwona mmoja akiondoka, wa pili akiokota begi lake. Alitaka kunyoosha mkono afunge breki ya mwisho. Lakini safari hii mbio zilikuwa za namna nyingine, hapakuwa na nafasi ya pumzi kati ya pigo na pigo, na pembe za vioo zikaanza kuwa nyeusi, weusi ukaja katikati, akasikia masikio yakivuma. Mwili wake ukalala mbele. Kifua kile kile kikaangukia juu ya mkono wa mtambo.

Alipozinduka, jambo la kwanza aliloliona ni kamba za chuma zimelegea. Kreni yenye mzigo hewani haina kamba zilizolegea. Alitazama chini. Watu walikuwa wamekusanyika, na redio kwenye goti lake ilikuwa inatoa sauti ambayo hakuitambua mara moja kwa kuwa hakuwahi kuisikia ikitoa kitu kingine zaidi ya amri na utani.

Walimshusha kwa mikanda ya uokoaji. Moyo ulikuwa bado unakimbia. Ulikimbia njia nzima ya kwenda hospitali kwenye gari la msimamizi, nyuma ya gari la wagonjwa lililombeba Filimbi. Ulikimbia alipolazwa kitandani na kubandikwa nyaya. Mashine ikachora, na safari hii mistari haikuwa mizuri. Ilikuwa meno ya msumeno, yamebanana. Daktari yule yule kijana aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaiangalia kwa kitambo, uso ukambadilika.

"Imeonekana," alimwambia muuguzi kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Kunguru, hakumtazama machoni. "Nitakuchoma dawa itakayousimamisha moyo kidogo uanze upya. Utajisikia vibaya sana, utadhani unakufa. Hufi. Itapita upesi."

Dawa iliingia. Kunguru alisikia kifua kikikandamizwa kama aliyekaliwa na ukuta, joto likapanda usoni, na pale ambapo pigo lilitakiwa kuja halikuja. Katika ule ukimya hakuogopa hata chembe. Aliwaza: na iwe hivyo. Kisha pigo likaja, na jingine, taratibu, na uhai ukamrudia bila yeye kuuomba.

Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanamkata Filimbi mguu.

Siku iliyofuata alikuja daktari wa moyo, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna daktari aliyewahi kulifanya, akamweleza. Moyo, alisema, unaendeshwa na umeme mdogo unaopita njia yake, unateremka kutoka juu kwenda chini, pigo moja baada ya jingine. Watu wengine huzaliwa na njia ya ziada. Kwa kawaida njia hiyo hukaa kimya. Lakini siku moja pigo moja likija mapema kidogo, umeme hupotea njia, hushuka huku na kupandia kule, ukaanza kuzunguka kama gari lililokosa pa kutokea kwenye mzunguko wa barabara, na kila mzunguko ni pigo. Ndiyo maana huanza ghafla na kukoma ghafla. Ndiyo maana ukikoma mashine haioni kitu.

"Kwa hiyo si wasiwasi," Kunguru alisema.

"Si wasiwasi."

"Nilizaliwa nayo."

"Ulizaliwa nayo."

"Na nilikuja hapa kila mara."

Daktari alivua miwani, ikabaki ikining'inia. "Ulikuja kila mara ikiwa imekwisha. Tulipaswa kukuvalisha mashine ndogo uende nayo nyumbani, ikae nawe mpaka iikamate. Hilo hatukulifanya. Sina la kukuambia zaidi ya hilo."

Kunguru alingoja hasira ije. Haikuja. Hasira inahitaji mahali pa kusimama, naye hakuwa napo.

Akafundishwa. Ikija, akae ameegemea, achukue bomba la sindano lisilo na sindano, apulize kwenye mdomo wa bomba kwa nguvu mpaka kile kijiti cha ndani kianze kusogea, aendelee hivyo kitambo, kisha mtu amlaze chali kwa haraka na kumnyanyua miguu juu. Mkandamizo ule huamsha mshipa wa fahamu unaoufungia moyo breki. Mara nyingine utatii, mara nyingine hautatii, basi apumzike ajaribu tena. Ukikataa kabisa, au akizimia, au kifua kikimuuma, aje hospitali hapohapo, asingoje. Vidonge vya kupunguza kasi ameze kila siku. Na ipo tiba ya kuikata njia ile moja kwa moja: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakaiunguza. Hapo hawaifanyi. Ataandikiwa rufaa ya hospitali kubwa ya mbali, na wanaongoja ni wengi.

"Na kreni?" aliuliza mkewe, maana Kunguru mwenyewe hakuuliza.

"Kreni hapana, mama. Labda baada ya tiba. Kwa sasa hata ngazi ndefu hapana."

Mkewe alimuuliza mambo mengi daktari, akarudia kila hatua kwa mdomo wake mpaka akaishika. Kunguru alikuwa anatazama ukuta.

Alimwona Filimbi alipopata ruhusa ya kutembea. Alimkuta amelala, shuka limechomoza upande mmoja na limelala bapa upande mwingine. Shemeji yake, mke wa Filimbi, aliinuka bila neno akatoka kwenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika.

"Kaka," Kunguru alisema.

"Kaka."

"Wamegundua. Ni umeme wa moyo. Kuna njia ya ziada, nilizaliwa nayo..." Akaanza kueleza, akaeleza vibaya, akajisikia anaongea kama mtu anayeuza kitu, akakatisha.

Filimbi alikuwa anatazama dari. Ile sauti ya kupasua anga ilitoka ikiwa nyembamba.

"Nafurahi umejua."

"Ungebaki ukutani..."

"Ningebaki ukutani ningezika watu wawili. Usiniambie habari za ukutani." Akavuta pumzi, na Kunguru, kwa mazoea ya miaka, alijua kutoka kwenye pumzi ile kwamba linakuja jambo zito. "Sikulaumu. Nimetafuta pa kukulaumu usiku kucha, sikupaona. Ulisema neno tulilokubaliana. Wewe ulifanya sawa, mimi nilifanya sawa. Ndiyo maana siwezi kukutazama. Ungekuwa na kosa ningekusamehe tukamaliza."

Filimbi aligeuzia uso ukutani.

"Nenda, kaka. Usije mpaka nikuite."

Hakumwita.

Msimamizi, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, alimpa Kunguru kazi ya kutunza stoo ya vifaa, kibanda cha mabati pembeni ya lango. Kreni ikapata dereva mpya, kijana mwenye haraka. Kunguru aligawa nyundo asubuhi na kuzipokea jioni. Aliposikia hewani mlio wa mtambo ukigeuka kwa pupa, vidole vyake vilijikunja vyenyewe kuushika mkono usiokuwepo. Watu waliendelea kumwita Kunguru kwa sababu hawakujua la kumwita tena, lakini walilitamka jina kwa uangalifu, kama watu wanaokanyaga sakafu mbichi.

Moyo uliendelea na tabia zake, ingawa kwa vidonge ulikuja mara chache. Alipuliza, mkewe akamnyanyua miguu, ukakoma. Hofu ile ya kale ilikuwa imeondoka. Sasa alijua ni nini, kinatoka wapi, kinafukuzwaje. Alijua kila kitu alichotamani kukijua, na kujua kwenyewe kulikuwa kama mvua inayonyesha shamba likiwa limekwisha kuungua.

Mwishowe mkewe alichoka kuona anavyokaa.

"Twende kwa Filimbi."

"Hajaniita."

"Mimi sikukatazwa. Wewe unisindikize."

Wakaenda mchana, mke amebeba kapu la matunda, bomba la sindano likiwa mkobani mwake kama kawaida. Shemeji alifungua mlango nusu. Alikuwa amekonda. Aliwasalimu vizuri, akawauliza habari za pacha, akapokea kapu, akashukuru.

"Amelala," alisema.

Ndani, nyuma ya pazia, fimbo mbili za kutembelea ziligonga sakafu, tok, tok, zikaelekea upande wa pili wa nyumba. Wote watatu walizisikia. Shemeji alitazama chini.

"Amelala," alirudia, na macho yakamjaa. "Mnisamehe."

"Hakuna cha kusamehe, shemeji," Kunguru alisema. "Mwache alale."

Waliondoka. Walipofika kwenye barabara kuu, mbele ya duka la vifaa vya umeme, Kunguru alijikwaa kidogo tu kwenye ukingo wa njia, na moyo ukatimua mbio. Alikaa pale pale kwenye ukingo, mgongo umeegemea ukuta wa duka. Mkewe hakuuliza. Alikwisha kutoa bomba akamwekea mkononi.

"Puliza."

Alilishika. Magari yalipita. Mapigo yalijaa shingoni, na pembe za mtaa zikaanza kufifia kwa namna ambayo alikuwa anaifahamu. Halikuwa jambo baya. Ilikuwa kama mtu anayekufungia mapazia.

"Baba Pacha. Puliza."

Hakupuliza.

Mkewe alipiga magoti mbele yake, kwenye vumbi, na nguo yake ya kutokea. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza amtazame. Hakupaza sauti. "Mimi miguu nitakunyanyua mpaka nizeeke. Lakini pumzi siwezi kukupulizia. Hiyo ni yako."

Akaweka bomba mdomoni. Akapuliza, kwa unyonge, kijiti hakikusogea. Akapuliza tena, uso ukamwiva, mishipa ya shingo ikasimama, kijiti kikasogea. Mkewe akamvuta akamlaza chali njiani na kuinua miguu yake miwili juu, viatu vikiwa vimeegemea mabega yake. Watu walisimama. Mtu mmoja alisema huyo amelewa mchana wote huu. Mwingine alicheka. Mke alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anahesabu au anaomba.

Haukukoma. Wakaanza upya. Safari hii, miguu ilipokuwa ingali juu, moyo ulijikwaa, ukanyamaza, ukarudi kwenye mwendo wake.

Alilala pale akitazama nyaya za umeme zilizopita juu ya mtaa. Muuza duka alileta maji kwenye kikombe cha plastiki, wakamshukuru.

"Sikutaka kupuliza," Kunguru alisema watu walipotawanyika.

"Najua."

"Hata kesho sijui."

"Najua," mkewe alisema, akamfuta vumbi mgongoni kwa kiganja, akalipangusa lile bomba kwa upindo wa nguo yake na kulirudisha mkobani. Kisha akampa mkono. Alikuwa mzito kuinuka. Walitembea pole pole kuelekea nyumbani, mke upande wa barabara.